Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: wagonjwa wetu wa kipindupindu walifika kituoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, wenzangu.

YAH: WAGONJWA WA KIPINDUPINDU WANAOFIA NYUMBANI BAADA YA KURUHUSIWA

Waheshimiwa,

Kwenye kitabu kimoja cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa ya kituo, cha mwaka 2015 kuna mstari nilioujaza kwa mkono wangu. Mwanamume, miaka 31, fundi rangi, anahara na kutapika tangu asubuhi, dripu chupa 2, na kwenye safu ya mwisho: "Ameruhusiwa, hali nzuri." Mtu huyo alikufa usiku uleule kabla ya adhana ya alfajiri, kwenye chumba cha kupanga, dada yake akimshikia beseni. Mstari haukuguswa. Kwa hesabu za serikali yule kijana alipona, na yumo katika idadi ya waliopona tuliyoipeleka wilayani wiki ile.

Mimi ni tabibu mstaafu. Mtaani wananiita daktari na nimechoka kuwarekebisha. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, ukaja kusambaa karibu nchi nzima, Bara na Visiwani, ulinikuta zamu kwenye kituo ambacho sitakitaja. Kosa nitakalolieleza nililifanya mimi, na wenzangu wa vituo vingine walilifanya vilevile, wengi wao wakiwa hodari wa kazi kuniliko.

Kila mvua zinapokaribia, redio zinaanza maneno yaleyale: nawa mikono, chemsha maji, tumia choo, wahi kituo cha afya uonapo dalili. Sina ugomvi na matangazo hayo. Lakini hilo la "wahi" lina lawama ndani yake. Anayelisikia anaelewa kwamba aliyekufa alichelewa, kwamba alikaa ndani akinywa mitishamba, akaletwa maji yakiwa yamezidi unga. Nilikuwa mhubiri mzuri wa habari hiyo. Nimesimama kwenye mikutano ya serikali za mitaa nikiwagombeza watu wazima kama watoto wa shule, nikirudi nyumbani nimeridhika.

Halafu mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi wa vifo vya kipindupindu vilivyotokea Dar es Salaam kati ya tarehe 16 Agosti 2015 na 16 Januari 2016. Waliofanya kazi ile walifanya jambo ambalo sisi vituoni hatukulifanya: walipekua vibali vya mazishi, kisha wakaketi na watu waliowauguza marehemu wakawauliza ilivyokuwa. Katika marehemu 55 ambao muda wa kifo chao ulijulikana, 51 walikuwa wametafuta tiba kabla ya kufa. Waliochelewa kwenda kwa zaidi ya saa 6 walikuwa 16. Na katika marehemu 33 waliofia uraiani, nje ya vituo vya tiba, waliowauguza walisema 20 kati yao walikuwa wameshafika kituoni na kuruhusiwa.

Hiyo ya mwisho niliposoma nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kumbe fundi rangi wangu alikuwa na wenzake.

Naomba nieleze jinsi mtu anavyoruhusiwa mapema, maana aliye ofisini anaweza kudhani ni uzembe tu. Yule kijana aliletwa na bajaji saa 10 jioni. Macho yameingia ndani, sauti imekwisha imebaki ya kunong'ona, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Mapigo ya mkono hayashikiki. Mtu wa namna hiyo, kwa mwongozo, anatakiwa apewe mililita 100 za maji ya dripu kwa kila kilo ya uzito wake katika muda wa saa 3, na 30 za mwanzo ziingie ndani ya nusu saa. Sasa tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 6. Chupa zetu ni za nusu lita, kwa hiyo ni chupa 12. Nusu saa ya kwanza peke yake inakula karibu chupa 4, na kwa sindano nyembamba hazipiti kwa kasi hiyo. Lazima upate kanula kubwa, pengine mikono yote miwili, na mtu wa kusimama pale akibadilisha chupa moja baada ya nyingine. Wagonjwa 8 wa hali hiyo ni chupa 96. Usiku ule tulikuwa wawili, mimi na nesi mmoja aliyekuwa hajala tangu asubuhi. Na hapo hatujahesabu yanayoendelea kutoka, kwa sababu mgonjwa mwenye hali mbaya anaweza kumwaga hata lita nzima kwa saa moja.

Fundi rangi alipata chupa 2.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapomlaghai mtoa tiba. Chupa ya pili ilipokaribia kwisha alifumbua macho, akaketi, akaomba chai ya rangi. Mapigo yamerudi. Mtu aliyeletwa amebebwa kama mzigo sasa anakuuliza sukari iko wapi. Moyo wako unakwambia umeshamaliza kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemrudishia lita moja kati ya zile sita, na utumbo ulikuwa bado unamwaga. Lakini sakafuni kulikuwa na wengine wanne wanasubiri kitanda, mmoja wao mtoto. Saa 2 usiku nikamwandikia ruhusa. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji ili kurudisha maji mwilini, zilikuwa zimekwisha tangu mchana. Nikamwambia dada yake, "Mwanangu, mkipita duka la dawa nunua ORS, mpe anywe kidogo kidogo." Akaitikia, "Sawa, baba." Duka walilolikuta wazi liliwauzia Flagyl.

Flagyl haina lake kwa kipindupindu. Antibiotiki ya doksisiklini inasaidia, miligramu 300 kwa mkupuo mmoja kwa mtu mzima, inapunguza kuhara na siku za kuumwa, ila nayo haiwezi kukaa mahali pa maji. Anayekufa kwa ugonjwa huu anakauka: damu inapungua maji, figo zinasimama, moyo unakosa cha kusukuma. Kwa wazee, wajawazito, watoto wadogo, wenye utapiamlo na wenye sukari au figo safari hiyo ni fupi zaidi, na ndio ambao sisi watoa tiba tunawaogopa kuwapa maji mengi, kwa hiyo mara nyingi hupata pungufu. Kuhara kuliporudi saa 6 usiku, dada alitoka barabarani kutafuta usafiri. Bodaboda wawili walikataa kumpakia mtu anayetapika. Wa bajaji alitaka kwanza pesa ya kuoshea kiti.

Asubuhi nilimwona getini, nikajua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuja kugomba. Laiti angegomba. Alikuja kuomba karatasi, kwa kuwa mtendaji alitaka maelezo ya kituo ndipo kibali cha mazishi kitoke. Akainama kwenye dirisha la mapokezi akasema kwa sauti ndogo, "Baba, usiandike kile kitu. Watatuchukulia maiti yetu." Waheshimiwa, mnajua alichokuwa anakiogopa. Wakati wa mlipuko maiti wa kipindupindu hushughulikiwa na maofisa afya waliovaa mabuti na glovu, kwa klorini, na mtaani ilishaenea kwamba ukitajwa ugonjwa huo hamuoshi, hamkafini, hampeleki kwenu mlikozoea kuzika. Niliandika homa.

Uchunguzi ule ulipata vifo 101 vilivyodhaniwa kuwa vya kipindupindu Dar es Salaam katika miezi ile mitano. Taarifa zetu za kawaida zilikuwa zimenasa 48. Vilivyobaki vilipatikana kwenye vibali vya mazishi. Na fundi rangi, kwa karatasi niliyoiandika, nadhani hata kwenye hao 101 hayumo.

Naomba hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo palipo hoja yangu. Kipimo cha kazi yetu kimataifa ni vifo chini ya 1 kwa kila wagonjwa 100. Ni kipimo kizuri, na tumetoka mbali: mwaka 1997 nchi hii iliripoti wagonjwa 40,249 na vifo 2,231, zaidi ya 5 kwa kila 100. Lakini angalieni kinavyofanya kazi pale kituoni. Nikimbakiza mgonjwa akafia mikononi mwangu, kifo ni changu, simu itapigwa kutoka wilayani, kesho nitaitwa kikaoni. Nikimruhusu akafia kwake, kitanda kimepata nafasi, kitabu changu kinaonyesha amepona, na kifo chake kimekwenda kukaa kwenye jalada la mtendaji ambalo hakuna anayelifungua. Kituo kinachoruhusu haraka kinaonekana bora kuliko kinachong'ang'ania wagonjwa. Simtuhumu mtu kwamba alipanga iwe hivyo. Lakini tangu niijue hesabu hiyo, kila nikisikia wilaya fulani imepongezwa kwa "vifo sifuri" huwa najiuliza makaburini kwao kukoje.

Kuhusu ORS nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa inaniuma. Katika uchunguzi uleule, kati ya marehemu 51 waliopewa huduma yoyote nyumbani, waliotumia ORS baada ya kuugua walikuwa 5. Watano! Hii ni dawa ambayo mama yeyote anaweza kuikoroga. Mwaka 1971, vita vilipowakimbiza watu wa Bangladesh kuingia India, daktari mmoja kijana, Dilip Mahalanabis, alijikuta kwenye hospitali ya Bangaon wagonjwa wamelala kwenye matapishi na dripu zimekaribia kwisha. Akaagiza chumvi, glukosi na magadi vichanganywe kwenye maji, yakawekwa kwenye madumu yenye bomba, ndugu wa wagonjwa wakawa wanakinga kwa vikombe na kuwanywesha watu wao. Vifo vilishuka kutoka kama 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Hakuwa na manesi wa kutosha. Aliwatumia dada na kaka, watu kama yule binti wangu wa getini, ambaye mimi nilimwacha aende mikono mitupu.

Na sisi? Pakiti za lita moja zinauzwa sanjari na za nusu lita na za glasi moja, maandishi mara nyingi ni ya Kiingereza, muuzaji hasemi kitu. Nimeona mtu akimimina pakiti ya lita kwenye kikombe cha chai, mgonjwa akitapika kwa ule ukali wa chumvi, ikaonekana dawa imemkataa. Nimeona wengine wakiacha kunywesha mara mgonjwa anapotapika mara ya kwanza, kumbe ni kusubiri dakika 10 kisha kuendelea kijiko kwa kijiko. Hata pasipo pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinamfikisha mtu kituoni akiwa hai. Hayo yangeweza kukaa kwenye matangazo ya redio mahali pa lile neno "wahi", au angalau pembeni yake.

Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, nchi nzima ikashika mifagio kwa sababu ya kipindupindu. Nami nilifagia, na mitaro ilihitaji. Mama ntilie walifukuzwa, wauza matunda ya kukata wakamwagiwa beseni zao. Kila mlipuko hao ndio wa kwanza kuadhibiwa. Maji safi, vyoo, chanjo, yote ni ya lazima na wapo wanaoyaandikia vizuri kuliko mimi. Ila ufagio haumfikii aliyekwisha lala kwenye kitanda cha tundu, kile cha wagonjwa wa kipindupindu chenye ndoo chini yake. Barua hii ni yake.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya.

Kwanza, ruhusa. Masharti ya kumruhusu mgonjwa wa kipindupindu yapo na ni mepesi kukumbuka: awe hana dalili za kupungukiwa maji, anakunywa ORS bila kutapika, hajahara majimaji kwa muda wa saa 4, anakojoa, na anatembea bila kushikwa. Fundi rangi angepimwa kwa hayo asingetoka. Naomba yabandikwe ukutani kila kituo, yawekwe kwenye fomu yenye vijisanduku vya kutiki na sahihi ya anayeruhusu, na asitolewe mtu nje baada ya jua kuzama labda kama anapelekwa kituo kingine. Atakayeruhusiwa aondoke na pakiti za siku mbili mkononi, si maelekezo ya duka. Kama hakuna kitanda, alazwe kwenye mkeka na ndoo yake. Nafuu ya mkeka wa kituoni kuliko kitanda cha nyumbani usiku ule.

Hilo litadai maji na watu. Bohari ya Dawa isisubiri mlipuko utangazwe ndipo ipeleke maji ya dripu ya Ringa na kanula kubwa. Wilaya ambazo kipindupindu hurudi zinajulikana kwa majina, na mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyouguza watu tangu mwishoni mwa 2023 haihitaji kukumbushwa. Na usiku uhesabiwe kama mchana. Wageni wenu wa ukaguzi huja saa 4 asubuhi, wakati wagonjwa wangu wabaya zaidi walikuwa wa saa 9 usiku, zamu ikiwa na mtu na nusu.

Halafu mgonjwa aliyeruhusiwa afuatwe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, wanaijua mitaa na wanajua nani amepanga wapi. Kila asubuhi wapewe orodha ya walioruhusiwa jana, wagonge mlango: anakunywa? anakojoa? Mtu anayerudi kuhara arudishwe kituoni bila kupanga foleni na bila kuulizwa maneno. Maduka ya dawa muhimu nayo yapewe ORS kwa bei ya kudumu na maelekezo ya picha kwa Kiswahili, na anayemuuzia mgonjwa wa kuhara kama maji ya mchele vidonge bila pakiti ya ORS ajue anafanya kosa.

Mwisho, vitabu viwili. Cha wagonjwa kiko kituoni, vibali vya mazishi viko kwa watendaji na maofisa afya, na vyote vipo chini ya TAMISEMI. Kwa nini visikutanishwe kila wiki wakati wa mlipuko? Jina lililoruhusiwa Jumatatu likionekana kwenye kibali Jumatano, kifo hicho kirudi kwa aliyeruhusu, bila kufukuzwa mtu kazi, ili ajue. Mimi nilijua kwa sababu dada alikuja getini. Tuliowaruhusu wakafa na ndugu zao hawakuja, hatukujua chochote. Mganga wa Wilaya atakayeleta vifo vingi zaidi kwa kuvitafuta asigombezwe mbele ya wenzake. Na mazishi yalegezwe: ndugu wawili watatu wafundishwe, wavae glovu, wawepo, waswali au wasali, wazike kwao panapowezekana chini ya macho ya ofisa afya. Mkilifanya hilo mtapata karatasi za kweli, maana hamtakuwa na tabibu anayeombwa kupitia dirishani aandike homa.

Nina ombi moja la kwangu. Vitabu vya MTUHA vya 2015 nadhani bado viko stoo, vimefungwa kamba. Mkiniruhusu, nitakuja na kitambulisho changu cha ustaafu, mtu wa kumbukumbu asimame nami, nifungue ule ukurasa wa Septemba, nikate "Ameruhusiwa, hali nzuri" kwa kalamu nyekundu kama utaratibu unavyotaka, niandike "Amefariki", saa, na sahihi yangu pembeni.

Wenu katika kazi,

Tabibu mstaafu,
Dar es Salaam.